Fujo au Maandamano? Serikali na Umma Kandokando ya Ziwa Kivu

Katika insha za wanafunzi wetu wa hapa Gisenyi tuliwahi kukuta sentensi mbili zilizotupa kazi kubwa kuliko makosa yote ya ngeli. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba mwezi wa Juni 2022 watu wa Goma walifanya fujo wakielekea mpakani. Mwenzake wa dawati lile lile, ambaye mama yake alikuwa akivuka kila asubuhi na maziwa kwenda kuuza ng'ambo, aliandika juu ya siku ile ile kwamba watu wa Goma waliandamana. Kila mmoja alishikilia kwamba mwenziwe amekosea, wakatuletea shauri hilo mezani kana kwamba sisi ni kadhi. Tulizitazama sentensi zote mbili. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa, tahajia ilikuwa sawa, nasi tukabaki na kalamu nyekundu mkononi bila pa kuiweka.

Makala haya yametokana na kalamu hiyo. Hatukusudii kuamua nani alikuwa na haki siku ile. Tunakusudia kueleza, kwa kadiri nafasi ya jarida letu inavyoruhusu, jinsi serikali mbalimbali zilizopata kutawala pande hizi mbili za ziwa zilivyoupokea umma uliotoka nje kusema neno, na hasa jinsi zilivyogombania jina la tendo hilo. Mwalimu wa lugha hana jeshi wala gereza. Lakini majina ya mambo hupita mikononi mwake kabla hayajafika vinywani mwa vijana, na kwa hiyo hana budi kujua yametoka wapi.

Tuanze na lugha yenyewe. Kuandamana ni kufuatana, huyu nyuma ya yule, na asili yake ni kitenzi kuandama, ambacho ndicho tunachokisikia tukisema mwezi umeandama. Ni neno la utulivu. Ndani yake hamna jiwe wala moto; mna watu walio katika safu na njia wanayoishika. Mgomo nao watokana na kugoma, yaani kukataa. Mtu aliyegoma amekaa tu, na nguvu yake yote imo katika kukaa huko. Uasi ni jambo jingine kabisa, kwa maana mwasi ametoka katika utii, na anayetoa jina hilo daima ni yule anayedai kutiiwa. Fujo na ghasia hazina hoja wala madai: ni kelele, ni vurugu, ni mambo ya kutulizwa na kufagiliwa. Kinyarwanda nacho hutenganisha imyigaragambyo na imyivumbagatanyo kwa namna inayokaribiana na hiyo. Majirani zetu wa Goma, katika Kiswahili chao chenye maneno mengi ya Kifaransa, husema marche wakikusudia maandamano, na ville morte wakikusudia siku ambayo maduka hufungwa, pikipiki hazionekani na mji hukaa kimya kama uliokufa. Kwa hakika hilo la pili ni mgomo wa mji mzima, na tungependa siku moja kuona wanafunzi wakilitafutia neno la Kiswahili lililo zuri kuliko hilo.

Sasa tuje kwenye historia. Wasomaji wengi wa hapa wanajua habari za Ndungutse, ijapokuwa mara nyingi husimuliwa kama habari za mtu aliyejidai kuwa ni wa ukoo wa kifalme. Mwanzoni mwa mwaka 1912, katika milima ya kaskazini mwa Rwanda, watu wengi walimfuata. Sababu moja kubwa ni kwamba aliahidi kuiondoa uburetwa, kazi ya lazima waliyotozwa wakulima na wakuu wa vilima. Wajerumani wakati huo walikuwa na Residenti wao Kigali, na askari wachache mno kuitawala nchi yenye watu wengi namna ile. Walitawala kwa mkono wa Mfalme Musinga, na kwa hiyo lalamiko lolote dhidi ya wakuu wa mfalme lilihesabiwa kuwa ni lalamiko dhidi ya utawala wao wenyewe. Mwezi wa Aprili 1912, Luteni Gudowius, aliyekuwa akishika nafasi ya Residenti, aliongoza kikosi kwenda kaskazini. Ndungutse aliuawa, nyumba na mazao ya watu waliomfuata yakachomwa. Mwezi huo huo, huko Ruhengeri, Rukara rwa Bishingwe aliuawa hadharani kwa kosa la kumwua Padri Loupias mwaka 1910. Basebya alifuata mwezi wa Mei.

Katika taarifa za wakubwa jambo hilo liliitwa uasi, na likaisha hapo. Lakini uburetwa haikuisha hapo. Iliendelea chini ya Wajerumani, ikaendelea chini ya Wabelgiji waliorithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ikafutwa mwaka 1949. Miaka 37 ilipita tangu watu walipochomewa nyumba kwa kumfuata aliyeahidi kuiondoa. Tunawaomba walimu wa historia watusamehe kwa kusimama kidogo juu ya hesabu hiyo, maana serikali iliyowapiga watu kwa kusema jambo haikupata nafasi ya kuuliza kama jambo lenyewe ni kweli.

Mwaka 1959 ni mwaka unaostahili makala yake peke yake. Tutaugusa kwa sababu unaonyesha jinsi serikali moja, ile ya Ubelgiji, ilivyoweza kuipokea hasira ya watu kwa njia mbili zilizopingana, katika makoloni mawili yaliyopakana, ndani ya miezi kumi na moja.

Huko Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilikuwa kimeitisha mkutano siku ya Jumapili tarehe 4 Januari 1959. Meya wa mji, Jean Tordeur, alikiandikia chama kwamba mkutano ukigeuka kuwa wa siasa viongozi watawajibika. Chama kiliahirisha mkutano. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuja, na mtu aliyetembea kwa miguu kutoka mtaa wa mbali harudi kwake kwa sababu ya barua asiyoiona. Kasa-Vubu mwenyewe aliwasihi watawanyike. Wakati huo huo maelfu ya watazamaji walikuwa wakitoka katika uwanja wa mpira, makundi yakakutana, polisi wakaingia kati, na kwa siku kadhaa mji ukawaka. Kwa hesabu ya serikali waliokufa hawakufika 50. Watu wa mji walitaja mamia, na mpaka leo hesabu hizo mbili hazijapata kukutana.

Hatua za serikali zilikuwa za haraka. ABAKO ilipigwa marufuku, Kasa-Vubu na wenzake wakatiwa kizuizini, na watu wengi wasio na kazi wakarudishwa vijijini kwa nguvu. Hayo ndiyo mambo ambayo serikali yoyote ya kikoloni ingefanya. Lakini tarehe 13 Januari, yaani siku tisa baada ya ghasia kuanza, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisema katika redio kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru. Hata kama maneno hayo yalikuwa yakitayarishwa tangu kabla, watu wa Léopoldville hawakuyasikia hivyo. Walichokiona ni kwamba miaka mingi ya barua, maombi na heshima haikuleta neno uhuru kinywani mwa mfalme, na siku tatu za mawe zimelileta. Bunge la Ubelgiji lilituma tume, nayo ikakiri kwamba ubaguzi na ukosefu wa kazi vilikuwa miongoni mwa vyanzo. Yote hayo yangeweza kuandikwa tarehe 3 Januari. Serikali inayofunga mlango wa maneno kisha ikafungua mlango wa mawe imekwisha kuwafundisha watu ni mlango upi wa kugonga siku nyingine, na somo hilo lilifika Stanleyville mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, ambako watu wengine walikufa na Patrice Lumumba akatiwa gerezani, kisha akatolewa Januari 1960 ili aende kuketi katika mkutano wa Brussels.

Kamanda wa majeshi ya Force Publique katika eneo la Stanleyville alikuwa Kanali Guy Logiest. Tunamtaja kwa sababu siku chache baadaye aliitwa kuja kwetu.

Hapa Rwanda, Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alikuwa amefariki Usumbura tarehe 25 Julai 1959, na Kigeli wa Tano Ndahindurwa akasimikwa. Tarehe 1 Novemba, huko Byimana katika Gitarama, naibu chifu Dominique Mbonyumutwa alishambuliwa na vijana, na uvumi ukaenea kwamba ameuawa, ijapokuwa alikuwa hai. Kuanzia hapo nyumba za Watutsi zilianza kuchomwa, kilima kwa kilima, na moto ukafika upesi katika Ruhengeri na Gisenyi. Mamia ya watu waliuawa, na maelfu wakakimbia. Logiest alikuja na askari kutoka Kongo, akapewa madaraka ya kijeshi juu ya nchi nzima, na mwezi wa Desemba akawa Residenti Maalum. Kule Léopoldville serikali ilikuwa imepigana na umati. Hapa ilichagua upande. Machifu wa Kitutsi waliofukuzwa na umati hawakurudishwa, bali wengine waliwekwa mahali pao, na aliyechoma nyumba aliona kwamba serikali imelikubali tendo lake.

Na majina je? Serikali zilizofuata ziliyaita mambo hayo mapinduzi ya kijamii, na jina hilo likafundishwa shuleni kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Waliochomewa walikuwa na jina lao la Kinyarwanda, muyaga, yaani upepo. Tafadhali, ndugu walimu, pimeni maneno hayo mawili. Mapinduzi yana mwenye kupindua na ana sababu zake. Upepo hauna uso. Huja ukang'oa paa, ukaenda zake, na hapana mahakama ya kuushitaki. Inawezekana watu walichagua neno hilo kwa sababu hawakuruhusiwa kulitaja lingine.

Tunaruka miaka mingi. Mwezi wa Juni 1991 katiba mpya iliruhusu vyama vingi nchini Rwanda, lakini serikali iliyoundwa mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu yote ya chama kimoja, MRND ya Rais Habyarimana. Januari 1992 vyama vya upinzani vilitoa maelfu ya watu katika barabara za Kigali. Ni vizuri kukumbuka kwamba maandamano hayo yalifaulu: majadiliano yalianza, na mwezi wa Aprili nchi ikapata serikali ya mseto chini ya Dismas Nsengiyaremye wa chama cha MDR. Karibu wakati huo huo, tarehe 16 Februari 1992, Wakristo walei wa Kinshasa walitoka makanisani baada ya misa wakidai kufunguliwa tena kwa Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa umefungwa mwezi wa Januari. Wengine walishika misalaba na rozari. Askari wa Mobutu waliwapiga risasi. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili, na mtu aweza kuuliza kwa nini serikali yenye nia ya kufungua mlango Aprili iliwaua mwezi wa Februari waliokuwa wakiubisha.

Lakini jambo lililotokea hapa kwetu ndilo linalotutia uzito wa kalamu. Watawala wa Kigali waliona kwamba umati waweza kuiondoa serikali madarakani, nao wakaamua kuwa na umati wao wenyewe. Vijana wa MRND, walioitwa Interahamwe, na chama cha CDR kilichoanzishwa Machi 1992, walijifunza kuimba, kuziba njia na kuandamana. Gisenyi ilikuwa mkoa wa nyumbani kwa rais; gazeti la Kangura lilikuwa na makao yake katika mji wetu huu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, wakati huo sehemu ya mkoa wa Gisenyi, Léon Mugesera aliwahutubia wafuasi wa chama hotuba ambayo miaka mingi baadaye, mwaka 2016, mahakama ya Rwanda ilimhukumia kifungo cha maisha. Tarehe 9 Januari 1993 mkataba wa kugawana madaraka ulipotiwa sahihi Arusha, MRND na CDR waliwatoa watu barabarani kuupinga. Mwezi huo huo, mara tu tume ya kimataifa ya haki za binadamu ilipoondoka nchini, Watutsi walianza kuuawa katika Gisenyi, Ruhengeri na mahali pengine. Waliouawa walikadiriwa kuwa 300 hivi. Miezi kumi na tano baadaye yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani wengi wao walikuwa vijana wale wale waliozoea kuziba njia kwa jina la maandamano.

Hapo basi ndipo neno letu la utulivu, la watu kufuatana kama mwezi unavyoandama, lilipotiwa damu. Mkazi wa Gisenyi aliye na umri wa kukumbuka akisikia leo umati unaimba kwa mbali, hatangulii kuuliza unadai nini. Huanza kwa kufunga dirisha. Hatumlaumu. Wageni wanaoshangaa kwa nini Rwanda barabara ni kimya mara nyingi hutaja hofu ya serikali peke yake, na hofu hiyo haikosi kuwapo. Lakini iko pia hofu ya wananchi juu ya umati, na hiyo haikuletwa na amri ya mtu. Ililetwa na walichokiona.

Serikali iliyokuja baada ya 1994 ilichagua njia ya kuyaleta malalamiko ndani ya nyumba. Wananchi hukutana katika inteko z'abaturage, mabaraza ya mtaani. Kuna Ofisi ya Umuvunyi ya kusikiliza malalamiko. Na rais anapotembelea wilaya, watu hujipanga kwenye kipaza sauti, na huyu husema habari ya ardhi yake, yule habari ya daraja lililoahidiwa, huku wakuu wa wilaya wakijikunja kwenye viti. Tumeona mashauri yaliyolala miaka yakiisha kwa dakika tano kwa njia hiyo. Lakini tukisema kweli, kipaza sauti kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejua kitazimwa saa ngapi. Anayeandamana huchagua mwenyewe siku yake na maneno yake. Anayengoja zamu hupewa.

Kwamba njia hiyo ina mpaka wake kulionekana kusini mwetu kidogo, kando ya ziwa hili hili. Kambi ya Kiziba katika wilaya ya Karongi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Januari 2018 chakula chao kilipunguzwa kwa robo kwa sababu fedha za wahisani zilipungua. Tarehe 20 Februari mamia ya wakimbizi waliteremka kwa miguu mpaka mjini Karongi wakakaa mbele ya ofisi ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, wakisema kwamba kama hapana chakula basi waachwe warudi kwao. Siku ya tatu, tarehe 22, polisi walipiga risasi. Polisi walieleza kwamba wakimbizi walikuwa wamewatupia mawe na vyuma na kuwajeruhi askari. Walitaja waliokufa kuwa watano; baadaye UNHCR ilisema hawakupungua 11. Baadhi ya wakimbizi walifikishwa mahakamani. Jambo linalotuhusu sisi walimu ni kwamba watu wale hawakuwa na mahali pa kuandikisha lalamiko lao ambapo pangeliweza kulitatua: chakula hakikupunguzwa na baraza la mtaa wala na wilaya, kilipunguzwa na hazina zilizo mbali na Afrika. Waliopigwa risasi na waliopiga risasi wote walikuwa mbali sana na mwenye ufunguo wa ghala.

Tuvuke sasa mpaka. Goma ndio mji uliozaa LUCHA mwaka 2012, kundi la vijana waliodai maji, kazi na usalama bila kutumia nguvu, na mji huo umezijua mbinu zote za serikali katika jambo hili. Januari 2015, Wakongo walipoipinga ibara ya sheria ya uchaguzi iliyotaka sensa ifanywe kwanza, jambo ambalo lingalimwongezea Rais Joseph Kabila miaka madarakani, watu waliuawa na intaneti ikakatwa. Kukata intaneti ni ubunifu wa zama zetu. Wakoloni walizuia mkutano. Serikali ya leo huzuia hata habari ya mkutano. Hata hivyo, kabla ya mwezi kwisha bunge liliiondoa ibara ile. Mwezi wa Machi mwaka huo vijana waliokusanyika Kinshasa kuanzisha vuguvugu lililoitwa Filimbi walikamatwa, akiwamo Fred Bauma wa LUCHA, naye akakaa gerezani mpaka Agosti 2016. Walimu wa Kiswahili wafurahi au wasikitike: neno letu la chombo cha refa limeingia katika majalada ya polisi wa Kinshasa, mji wa Kilingala.

Tarehe 16 Februari 2016 iliitishwa ville morte nchini Kongo, siku ya kumbukumbu ya waumini wale wa 1992. Goma, kabla ya kupambazuka, vijana sita wa LUCHA walikamatwa ndani ya nyumba wakitayarisha vitambaa vya maandishi. Hawakuwa wametoka nje. Hawakuwa wamefunga njia. Walihukumiwa miaka miwili, mahakama ya rufani ikapunguza mpaka miezi sita, na mwezi wa Julai wakaachiwa kwa msamaha wa rais. Mmoja wao, Rebecca Kavugho, alitunukiwa nishani huko Marekani mwaka uliofuata. Wenzetu wa sarufi watatambua kwamba huo ulikuwa ni ushitaki wa njeo ijayo: watu walihukumiwa kwa maandamano ambayo yangefanyika.

Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ikatawaliwa na gavana mwanajeshi. Basi tunafika kwenye mwezi wa Juni 2022 wa wanafunzi wetu. M23 walikuwa wamekwisha kuutwaa mji wa Bunagana, Kongo iliishutumu Rwanda kuwaunga mkono nayo Rwanda ikakana, na tarehe 15 Juni watu wa Goma waliandamana dhidi ya Rwanda mpaka karibu na mpaka, huku baadhi yao wakipora maduka. Polisi waliwazuia wasivuke. Siku mbili baadaye askari mmoja wa Kongo alivuka akipiga risasi katika Petite Barrière, akauawa upande wetu, na umati ukaipokea maiti yake kwa nyimbo. Mpaka ukaanza kufungwa saa tisa alasiri. Kwa mama wa maziwa, saa tisa si habari ya siasa. Ni maziwa yanayorudi nyumbani yakiwa yamechacha.

Mwezi uliofuata hasira iligeukia upande mwingine. Rais wa Seneti ya Kongo, Modeste Bahati Lukwebo, alikuwa amesema hadharani mjini Goma kwamba jeshi la Umoja wa Mataifa, MONUSCO, lifungashe mizigo. Tarehe 25 Julai umati ulivamia majengo ya MONUSCO, na vurugu zikaenea Butembo na Uvira. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 36, wanne kati yao watu wa Umoja wa Mataifa. Kisha ikamtaka msemaji wa MONUSCO aondoke nchini. Serikali inayozuia maandamano siku zote, mara hii kiongozi wake mkubwa alikuwa amelitamka mwenyewe dai la waandamanaji.

Lakini tarehe 30 Agosti 2023, wafuasi wa dhehebu moja la Goma walipokusudia kuandamana dhidi ya MONUSCO hiyo hiyo, meya alikuwa amepiga marufuku, na alfajiri askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais wakawafyatulia risasi. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Tulioamka upande huu wa mpaka tulidhani vita vimeingia mjini. Video za askari wakitupa maiti ndani ya lori zilienea, na labda ndizo zilizofanya jambo hili lisiishe kama mengine: mahakama ya kijeshi ilikaa, na mwezi wa Oktoba Kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo, askari wengine wakapewa vifungo, na wawili wakaachiwa huru. Serikali ilikuwa imeanza kwa kuwaita marehemu waasi waliotumwa, ikamaliza kwa kuwaita wahanga. Tangu tuanze kuisoma historia hii hatujaona maiti zile zile zikibadilishwa jina upesi namna hiyo. Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, Januari 2025, Goma ilitwaliwa na M23.

Turudi darasani. Tuliwaambia wale wawili kwamba hatutatia alama nyekundu mahali popote, bali kila mmoja arudi kwenye sentensi yake aongeze nyingine tatu: nani aliyekuwapo, alikuwa akidai nini, na alifanya nini kwa mikono yake. Yule wa fujo alirudi na habari za duka lililovunjwa, mwenye duka akiwa ni Mnyarwanda anayemfahamu. Yule wa maandamano alirudi na habari za mwanamke aliyebeba bango huku mtoto akiwa mgongoni. Tulipomwuliza bango liliandikwa nini, alisema mama yake hakuweza kulisoma kwa sababu lilikuwa kwa Kifaransa.